Imla

Baba alikuwa afisa wa forodha katika bandari ya Fremantle,
na jioni, sahani zikishaondolewa,
alinikalisha mezani na penseli yangu nyekundu
anisomee maneno ambayo hata yeye hakuyajua.
Kifini. Kidenmaki. Kihangari mara moja,
ulimi wake ukijikwaa kama mlevi kwenye ngazi.
Nami, mtoto wa miaka minane, niliandika nilichosikia:
mbwa, kikohozi, jina la shangazi Beryl.
Alicheka hadi machozi. "Umefeli, Noreen.
Rudi ulikotoka."
Nikarudi chumbani kulala.

Sheria haikutaja ngozi. Ilikuwa na adabu zake.
Ilidai maneno hamsini tu, kwa imla,
katika lugha yoyote ya Ulaya atakayoichagua afisa.
Unajua Kiingereza? Haya, tutakupa Kijerumani.
Na Kijerumani unakijua? Subiri basi,
hatujaishiwa.
Mlango haukufungwa, wageni waliambiwa;
kitasa tu ndicho kilichobadilishwa kila walipobisha.

Sikuyajua hayo. Nilijua buti zake zinang'aa,
kwamba kila Ijumaa alileta soseji kwenye gazeti,
na mwaka ule mama alipougua,
yeye ndiye aliyemwosha nywele kwenye beseni,
akikinga macho yake kwa kiganja povu lisimwingie.
Nayaandika kwa sababu ni kweli.
Sijasema yanafuta lolote.

Alipokufa, mwaka wa themanini na moja,
nilipata daftari chini ya soksi zake,
na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne.
*Machi 1936. Pinto, A., mpishi wa meli.
Anajua Kiingereza, Kireno, Kifaransa cha bandarini.
Amepewa Kifini. Ameshindwa.*
Chini ya hayo, mwandiko mwingine, wa wino,
mzuri kuliko wa baba, mistari imenyooka.
Wala hakikuwa Kifini.

Kwa nini aliihifadhi? Karatasi nyingine zote zilikwenda Perth.

Perpetua alikuja Jumanne kuchukua kiti cha magurudumu.
Miezi mitano alikuwa amemgeuza baba kitandani
usiku na mchana, asipate vidonda,
na baba, akili ikishampotea, alimwita kwa jina la mama.
Aliiona karatasi mezani. Hakukaa.
"Hiki ni Kikonkani," akasema. "Cha kwetu."
Yeye aliingia nchini mwaka wa sabini na sita, kwa ndege,
na cheti cha uuguzi mkobani. Hakuna aliyemsomea kitu.

Akasimama dirishani akasoma polepole,
akinitafsiria neno baada ya neno, nami nikaandika,
imla ya kwanza maishani mwangu niliyoielewa:

*Mtu huyu anasoma asichokijua.
Kifungo cha pili cha koti lake kimelegea,
uzi umebaki mmoja.
Ana mtoto: kuna kipande cha penseli nyekundu mfukoni mwake.
Nje kuna mwanga mkali na harufu ya ngano.
Ningewapikia samaki kwa nazi na ukwaju,
wangeniuliza jina langu.
Anatua. Ananitazama.
Angependa niandike haraka, arudi nyumbani kabla ya*

Nilihesabu. Arobaini na tisa.
Perpetua akaigeuza karatasi; nyuma palikuwa peupe.
Kisha akanionyesha, kwa ukucha, bila kunitazama,
pale wino ulipoburuzwa kuelekea ukingoni
karatasi ilipovutwa kutoka chini ya kalamu.